Siku Namba Kumi Walikuwa Wawili

Sikupanga kuisimulia hii habari, kwa sababu kila nikiianza masikio yanapata moto, lakini kwa vile video yenyewe imeshafika hata kwa watu wa kanisa letu, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi anavyotaka, afadhali mnisikie mimi mwenyewe niliyekuwa ndani yake. Basi nianze kwa kukubali: ni mimi. Yule mzee mwenye tumbo anayeteleza kwa magoti kwenye tope, kifua wazi, mikono ameinua juu kama mtu aliyeokoka sasa hivi (hapo ndipo watu wengi husimamisha video wacheke kwanza), ni mimi, kocha wa Radi FC ya Lurambi, baba wa watoto, mtu mzima anayesalimiwa kwa heshima barabarani, au aliyekuwa akisalimiwa. Naona haya mpaka leo, na sijui zitaisha lini.

Ili mnielewe lazima mjue kwamba mimi nilikuwa kiungo, tena (msinicheke) kiungo kweli kweli. Nilianzia hapa hapa Radi, jezi ya kijani, namba kumi mgongoni, nikachukuliwa na timu ya kiwanda cha sukari enzi zile viwanda vilikuwa na timu na timu zilikuwa na basi, halafu nikaenda Nairobi, nikacheza misimu miwili katika klabu kubwa ambayo sitaitaja, mpaka goti likasema basi. Nikarudi nyumbani nikichechemea, nikacheza msimu wa mwisho na Radi kwa ajili ya mapenzi tu, wakaniaga na jezi yangu imekunjwa vizuri ndani ya karatasi ya zawadi. Jina langu la uwanjani lilikuwa Swichi, maana mpira ulikuwa ukifika kwangu upande wa kushoto, kabla beki hajageuza shingo umeshawaka upande wa kulia. Wapiga ngoma wetu wa isukuti walikuwa na wimbo wangu, "Washa, Swichi, washa," na siwezi kuwadanganya, huo wimbo ulinilewesha, na ulevi wake haujawahi kunitoka.

Sasa, watu husema kiungo ndiye hugeuka kocha mzuri kwa sababu amezoea kuona uwanja mzima. Ni kweli. Wasichosema ni kwamba kiungo akishakuwa kocha bado anaona uwanja mzima, anaona nafasi inafunguka pale na beki amelala pale, miguu inamwasha, na hana ruhusa ya kugusa chochote. Mimi hiyo ilinitesa. Kwa hiyo kwenye mazoezi nikawa naingia mwenyewe katikati, nacheza na vijana, na nikaweka sheria moja: kocha akisema "nipe," unampa. Huulizi, huangalii, huongezi hata mguso mmoja. Mpira kwanza, maswali baadaye. Aliyechelewa kunipa alikimbia kuzunguka uwanja mpaka nimsamehe. Nilijiambia nawafundisha kucheza kwa haraka, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naupenda ule mpira ukija kwangu.

Katika hao vijana alikuwepo Brian, na huyu Brian ndiye mwenye hii hadithi, mimi ni mharibifu tu. Brian ni kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, mkimya, mama yake anauza kuku soko la Lubao, na siku za soko yeye ndiye hubeba matenga kabla ya kuja mazoezini, unamkuta ana manyoya kwenye nywele. Anacheza nafasi niliyokuwa nikicheza, anavaa namba niliyokuwa nikivaa, na (hili lilinichukua muda kulikubali) ni bora kuliko nilivyokuwa. Nilipoona hivyo nilifanya jambo moja la maana katika ukocha wangu wote: nilimpigia simu Mbatia. Mbatia tulicheza pamoja Nairobi, mimi nikapasua goti, yeye akaendelea, na sasa ni kocha msaidizi wa klabu ile ile. Nikamwambia, "Bwana, njoo uone kiungo." Akanizungusha wiki nyingi, nikamsumbua, mwishowe akasema sawa, nitakuja kwa mechi yenu na Miwa Stars wa Ekero, lakini ni hiyo tu, maana usajili unafungwa wiki hiyo hiyo na nafasi ni ya mtu mmoja. Brian akicheza vizuri mbele yake, anaondoka naye. Asipomridhisha, nafasi inaenda kwa mwingine.

Nikamwambia Brian, Brian akamwambia mama yake, na Mama Brian, ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira maishani, akasema atakuja, na mechi ikiisha mgeni wa Nairobi hataondoka bila kula kuku nyumbani kwake.

Asubuhi ya mechi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mnaijua mvua yetu, na jaketi langu la ukocha, lile la buluu lenye maandishi mgongoni, lilikuwa bado linatiririka maji kwenye kamba. Hapo ndipo palipoharibikia. Mke wangu, Mama Sheila, alinitolea koti langu la kahawia la kuvaa kanisani. Nikaliangalia. Nikawaza Mbatia ashuke kwenye gari lake la klabu anikute nimevaa hilo koti, nimesimama pale na tumbo langu, mwenzake wa zamani, na amwone mzee tu. Nikafungua sanduku. Nikatoa jezi ya kijani.

Mama Sheila aliniangalia nikihangaika kuipitisha kichwani, akaniangalia nikihangaika kuishusha tumboni, akasema, "Baba Sheila, hiyo jezi si ni ya wachezaji? Wewe ni kocha."

"Ni kumbukumbu tu," nikamwambia.

"Kumbukumbu huwekwanga kwa ukuta," akasema, akarudisha koti kabatini.

Ningemsikiliza huyu mwanamke leo ningekuwa napita stendi ya bodaboda kwa amani. Lakini nilishajiangalia kwenye kioo, nikageuka nikaona namba kumi, nikavuta pumzi ndani (tumbo likapungua kidogo, mpaka nilipopumua tena), nikatoka.

Na mjue jezi ya Radi haijabadilika tangu enzi zetu. Kijani ile ile, mstari mweupe ule ule begani. Hilo liliniingia akilini asubuhi ile kama jambo zuri.

Uwanjani watu walikuwa wengi. Wapiga isukuti waliponiona wakaanza wimbo wangu papo hapo, bila kuombwa, na mimi badala ya kuinamisha kichwa kama kocha mwenye mambo ya kufikiria nikapunga mkono, nikageuka polepole ili wa upande wa pili nao waone mgongo. Mbatia alifika amevaa miwani nyeusi, tukakumbatiana, akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akacheka, "Swichi! Umesajiliwa?" Nilicheka mimi pia. Nilidhani ni sifa. Mama Brian alikuwa ameketi karibu na mlango wa uwanja, amevaa gauni lake la Jumapili na kitambaa cheupe kichwani, mikono imekunjwa mapajani, ameketi ukingoni kabisa mwa benchi utadhani akiegemea atamkosa mwanawe.

Mechi ikaanza. Nisiwachoshe. Brian alicheza. Aah, jamani, kijana alicheza! Uwanja ulikuwa na tope, mpira mzito, wale Ekero wana miguu ya wakata miwa, wanakufuata mpaka nyumbani kwenu, na yeye alipita katikati yao akiwa ametulia utadhani yuko peke yake. Nilimwangalia Mbatia kwa pembe ya jicho, nikaona ametoa miwani. Mtu wa mpira akitoa miwani ujue ameona kitu. Wakati wa mapumziko ilikuwa sare bila bao, na Mbatia akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo kijana anatulia. Nataka tu kuona kama ana jicho. Nione pasi moja ya kufungua mlango." Nikamwambia subiri, bwana, utaiona.

Kipindi cha pili hata mimi nilikuwa sitembei tena ndani ya kile kiboksi tulichochorewa cha kocha, maana mistari ilikuwa imechorwa kwa vumbi la mbao na mvua ilikuwa imeshaifuta nusu, na nilikuwa natembea pembeni mwa uwanja kufuata mpira, juu na chini, juu na chini. Mshika kibendera, mwalimu mmoja wa kike mpole sana, alikuwa ameniambia, "Kocha, tafadhali rudi nyuma kidogo." Nikarudi. Kidogo.

Halafu likatokea. Brian alipokea mpira upande wetu wa benchi, karibu na mimi kabisa, akamzunguka wa kwanza, akamwacha wa pili amekaa chini kwenye tope, na uwanja mzima ukafunguka mbele yake. Mshambuliaji wetu, Kizito, alikuwa ameanza kukimbia katikati ya mabeki wawili, na kati ya wale mabeki kulikuwa na mlango mzima, nyumba nzima unaweza kuipitisha. Niliuona. Miaka yote nimeishi kwa kuuona huo mlango. Miguu ikawaka, goti likasahau lilivyo, mkono ukainuka wenyewe, na mdomo huu, huu ninaolia ugali, ukafunguka ukasema neno ambalo nimelisema maishani kuliko nilivyotaja jina la mke wangu.

"Nipe!"

Na Brian akanipa.

Sikieni, alinipa vizuri, kwa ndani ya mguu, mpira umelala chini, pasi ya mtu aliyefundishwa. Ulikuja pale pale mguuni pangu. Na mimi (hapa ndipo nashindwa kujieleza, hata mbele ya Mama Sheila nilishindwa) sikuuacha utoke. Nilipiga hatua mbele, nikaingia, na kwa mguso mmoja nikaupeleka kati ya mabeki wawili wa Ekero, mpira ukapinda kidogo kama ulivyokuwa ukipinda zamani, ukamfikia Kizito mguuni, na Kizito akafunga.

Naapa ilikuwa pasi bora ya maisha yangu.

Uwanja ulilipuka. Watu wa upande wa pili waliona tu jezi ya kijani namba kumi ikitoa pasi na bao likiingia, wangejuaje? Isukuti ikalia. "Washa, Swichi, washa!" Na mimi, badala ya kujiuliza niko wapi na mimi ni nani, nilikimbia. Nilikimbia kuelekea kwenye kibendera cha kona, nikavua jezi nikaizungusha hewani, nikaanguka kwa magoti nikateleza kwenye tope umbali ambao sikuwahi kuteleza nikiwa kijana (uzito nao una faida yake), na Kizito akanirukia, na wengine wakanirukia, hata golikipa alitoka golini kwake akaja mbio kunikumbatia, akaniambia sikioni, "Kocha, wewe ni noma!"

Brian peke yake hakuja. Nilimwona katikati ya ile miguu na mikono: amesimama pale pale alipotolea pasi, mikono kiunoni, ananiangalia.

Ngoma zilinyamaza moja moja. Nilipoinua kichwa nilimwona yule mwalimu ameinua kibendera chake. Hakuwa amekishusha tangu mwanzo, maskini, amekiinua wima kama tulivyokuwa tukiinua mkono darasani, akingoja tumalize. Refa alikwenda kwake. Uwanja ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba kila mtu alimsikia akisema, kwa ile sauti yake ya upole, "Refa, huyo si mchezaji. Huyo ni kocha."

Refa akaja mpaka nilipopiga magoti. Akaniangalia kifua. Akaangalia tumbo. Akauliza, "Mzee, wewe ni namba ngapi?"

"Kumi," nikajibu. (Mungu anisamehe, nilijibu.)

"Kumi ni yule pale," akasema, akamwonyesha Brian kwa kidole.

Mnajua kile kicheko kinachoanzia mtu mmoja, halafu watatu, halafu kinazunguka uwanja mpaka kinakurudia? Kilizunguka. Ekero walicheka mpaka wakashikana mabega. Watu wetu walicheka vibaya zaidi, kwa sababu dakika moja iliyopita walikuwa wameniimbia. Nilipewa kadi nyekundu nikiwa bado nimepiga magoti, bao likafutwa, Ekero wakapewa frikiki pale pale nilipougusia mpira. Nikasimama, nikaanza kutembea kuelekea mlangoni, tope mpaka kitovuni, na golikipa wetu, kijana mwenye moyo mzuri kupita kiasi, akaokota jezi yangu akanifuata kunipatia nijifunike. Refa akapuliza kipenga. Nahodha wa Ekero akainua kichwa, akaona goli letu halina mtu, akapiga kutoka pale pale. Mpira ukaenda juu, juu, ukadunda mara moja kwenye tope, ukaingia polepole wakati golikipa ananivalisha.

Ndilo bao pekee lililokubaliwa siku hiyo.

Lakini kushindwa si kitu, nimeshindwa mara nyingi na nikalala usingizi. Kilichonimaliza kilikuwa mlangoni. Mbatia alikuwa amesimama na ufunguo wa gari mkononi. Baada ya hapo Brian hakucheza tena, alikuwa uwanjani lakini hakuwepo, kila akipewa mpira alikuwa anaurudisha nyuma haraka haraka, kichwa chini, na Ekero walikuwa wanampigia kelele za "nipe, nipe" kila akiugusa. Nikamshika Mbatia mkono. Nikamwambia, "Bwana, hilo ni kosa langu, si la kijana, umemwona kipindi cha kwanza, umemwona mwenyewe."

Alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kicheko.

"Swichi," akasema, "uliniambia nije nione kiungo mwenye jicho. Nimemwona mmoja. Lakini ameshazeeka."

Akavaa miwani yake, akaondoka. Mama Brian alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kwenye benchi lake, na alisikia kila neno.

Nilitaka kukimbilia nyumbani nijifungie, lakini kuku wa Mama Brian alikuwa ameshachinjwa na nilikuwa nimeshaalikwa, na kwetu huwezi kumwachia mama wa watu kuku wake, ingokho, jikoni ukapotea, hiyo ni aibu ya pili juu ya ya kwanza. Nilikwenda. Mvua ya jioni ilikuwa inaanza tena kutupa matone makubwa. Nilikuta viti vimepangwa, kitambaa kimetandikwa mezani, kiti kimoja chenye mto kimewekwa mahali pa mgeni.

Mama Brian akanitazama mlangoni, akatazama nyuma yangu, akauliza, ijapokuwa alishajua, "Mgeni ako wapi?"

"Ameenda, mama."

"Ameenda bila kula?"

Nikaanza kufuta viatu mlangoni. Akasogea kunipisha, akasema, "Haya, ingia, kocha. Usinyeshewe." Akanikalisha kwenye kile kiti chenye mto. Nilijaribu kukataa, akaniambia, "Keti," kwa sauti ambayo mtu hajibizani nayo.

Akaleta maji ya kunawa, akaleta obusuma, ugali wetu, akaleta kuku. Na alipopakua, aliweka firigisi kwenye sahani yangu. Wale wa kwetu wanajua hiyo maana yake: firigisi ni ya mwanamume wa heshima pale mezani, hapewi kila mtu, na alikuwa ameiweka kando tangu asubuhi kwa ajili ya mgeni wa kumchukua mwanawe. Ningeomba ardhi ipasuke. Hakunitukana, hakunilaumu, alinipa firigisi tu, nikaitazama pale juu ya sahani. Nikaichukua, nikaiweka kwenye sahani ya Brian.

Brian hakuigusa. Alikuwa ameketi kando yangu, amenawa tope lakini bado lilikuwa limemkauka nyuma ya sikio. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho:

"Ile pasi, kocha."

"Ndiyo, kijana wangu. Nisamehe. Niliona Kizito amekimbia, nikaona mlango, nikadhani wewe hujaona..."

"Nilikuwa nimeiona," akasema.

Tonge nililokuwa nimekata nikalirudisha kwenye sahani.

"Nilikuwa nimemwona Kizito. Nilikuwa nimeshainua mguu nimpe. Halafu ukaitisha."

"Sasa mbona ukanipa mimi, Brian?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, si wa hasira, na hasira ningeiweza. "Si ukiitisha tunakupatianga," akasema.

Sikumbuki nilivyokimaliza kile chakula. Nilikula kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ananitazama. Nilirudi nyumbani kwenye mvua, na nilipofika Mama Sheila alikuwa ameshaiona video (kwa simu ya dada yake, aliye Eldoret, fikirieni), akafungua mlango, akanitazama nilivyolowa, akaenda kabatini akanitolea lile koti la kahawia. Hakusema "nilikwambia." Nilikaa kitandani nikalia, na sioni kwa nini nifiche hapo wakati mengine yote mmeshayaona.

Nilimpigia Mbatia kesho yake, na kesho kutwa, nikambembeleza mpaka nikajichukia. Nafasi ilikuwa imeshapewa kijana mwingine, na akaniambia kwa heshima kwamba labda msimu ujao, labda, ila hawezi kuahidi. Chama cha mpira kikanifungia mechi kadhaa. Stendi ya bodaboda nikipita wanaume wazima wananinyooshea mikono, "Nipe! Nipe, mzee!" na kuna mmoja ameibandika picha yangu ya magoti kwenye pikipiki yake.

Mazoezini siingii tena katikati. Ile sheria ya kocha akiitisha unampa niliifuta mbele yao wote, na nilipoifuta hakuna aliyecheka, nadhani walikuwa wanaogopa bado kuna kukimbia kuzunguka uwanja. Jezi ya kijani Mama Sheila ameitundika ukutani, juu, mahali ambapo goti langu haliniruhusu kufika. Na lile neno nimeapa kutolitamka tena maishani, hata mezani: nikitaka chumvi sasa nasema "naomba chumvi," na watoto wanatazamana.

Mechi ya kwanza nikiwa nimefungiwa nilikwenda hata hivyo. Nilisimama nje, nyuma ya ua wa uwanja, katikati ya watu wasiotaka kulipa kiingilio, nimevaa koti la kahawia na kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi, na nilikuwa nimenunua muwa ili mdomo uwe na kazi. Katika kipindi cha pili Brian alipata mpira pale pale, upande wa benchi, karibu na alama ya magoti yangu ambayo nadhani haitaota nyasi tena. Kizito akaanza kukimbia. Nikaona mlango. Nikauma muwa kwa nguvu zangu zote.

Brian akainua kichwa na hakupiga. Mimi ningekuwa nimeshapiga. Akangoja beki wa mwisho apige hatua moja mbele, hatua ambayo mimi sikujua kwamba angeipiga, halafu akaupitisha mpira nyuma ya huyo beki, polepole, umelala kabisa, na Kizito hakulazimika hata kubadilisha mwendo. Bao. Ilikuwa pasi bora kuliko yangu, na nilitazama kule mlangoni mahali gari la Nairobi liliposimama siku ile. Palikuwa na ng'ombe wa mtu amefungwa kwenye nguzo.

Mwanamume mmoja wa bodaboda aliyesimama kando yangu, ambaye hakunitambua kwa sababu ya lile koti, alinipiga bega akipiga makelele, "Mzee! Hiyo pasi umeiona?"

Nikatoa muwa mdomoni.

"Nimeiona," nikamwambia, "lakini yeye ndiye huionanga kwanza."